Shahada ya Bei Nafuu

Vijana wanaopenda kuandika huniuliza mara kwa mara: mtu atapata wapi shahada ya pili ya uandishi iliyo nzuri na isiyomfilisi? Nami nililiuliza swali hilo mwaka 2013. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nina akiba ya shilingi milioni 2 na madaftari manne ya hadithi ambazo hakuna aliyezisoma. Niliishi Kariakoo kwa shangazi yangu aliyenilea, ambaye wakati huo aliuza khanga na vitenge juu ya meza kando ya Mtaa wa Kongo.

Kama wengi, nilianza kutafuta mbali. Jioni nilipotoka kazini niliingia katika duka la intaneti, nikalipia saa moja na kusoma habari za vyuo. Nikajua kwamba Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianzisha mafunzo yake ya waandishi mwaka 1936, na kile cha East Anglia, Uingereza, mwaka 1970. Lakini huko Uingereza ada ya mwaka mmoja kwa mgeni ilikuwa mara nyingi zaidi ya akiba yangu yote, na mwombaji viza alitakiwa kuonyesha fedha za kujikimu zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Marekani zilikuwapo kozi zinazomsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho kwa kufundisha, ila waombaji walikuwa mamia kwa mamia na nafasi za kuhesabu kwa vidole.

Hata hivyo, si fedha tu zilizonirudisha nyuma. Vyuo hivyo vilitaka kurasa za hadithi kwa Kiingereza. Nikakaa usiku mmoja kutafsiri hadithi yangu ya mama ntilie anayegombana na jirani yake kwa mafumbo. Kulipopambazuka, yule mama alikuwa ametokea upande wa pili mpole kabisa, hana kinywa wala kisu. Ndipo nilipotambua kwamba ubora wa kozi ya uandishi hauko katika jina la chuo. Uko kwa wale watakaoketi nawe kuisoma kazi yako. Asiyelijua fumbo langu atanisahihisha nini?

Nikageukia nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyoundwa mwaka 2009. Kilikuwapo pia Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambako mtu husoma huku akiendelea na kazi yake. Shahada za Kiswahili nilizoziona hazikuwa za kuandika riwaya. Zilikuwa za kuzichambua. Nikasitasita. Fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu aliposikia malalamiko yangu akacheka, akaniambia kwamba yeye alijua kushona kwa kufumua nguo za watu. Neno lile likanikaa. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, na baadaye, kwa shahada yake ya pili, akaandika tasnifu juu ya riwaya za Shaaban Robert. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alikuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Wote wawili walifumua, na wote wawili walishona.

Nikaamua kusoma Chuo Huria. Fedha bado hazikutosha, nami nikamwendea shangazi, si kwa kuomba bali kwa kumweleza tu.

"Digrii ya kuandika?" aliniuliza huku akikunja doti ya khanga. "Shaaban Robert alikuwa na digrii gani?"

Nikamjibu kwamba hakuwa nayo. Alisoma shule hapa hapa Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akawa karani wa serikali.

"Basi wewe waitakia nini?"

Nikafikiri. "Shangazi, sina mtu wa kuniambia ninakosea wapi."

Hakunijibu. Wiki iliyofuata aliniita chumbani, akanipa bahasha. Nilizijua fedha zile. Zilikuwa zamu yake ya upatu, aliyoingoja mwaka mzima ili aongezee kodi ya fremu, atoke juani. Nilikataa mara moja. Aliponisogezea mara ya pili, nilipokea.

Masomo yalinipa nilichokitafuta, ingawa si kwa njia niliyoitarajia. Wahadhiri walinifundisha kufumua. Wa kunisahihisha hadithi niliwapata kwa wanafunzi wenzangu watatu waliokuwa wakiandika kwa siri kama mimi. Tukaanzisha upatu wa hadithi: kila Jumamosi zamu ya mmoja, wengine wote waje wameisoma kazi yake na kalamu mkononi. Asiyeisoma ya mwenzake aliikosa zamu yake. Katika upatu ule nilijifunza kuandika kuliko mahali pengine popote, na haukugharimu zaidi ya chai na maandazi.

Lakini shangazi alibaki mezani miaka miwili zaidi. Masika ya mwaka 2014 yalimlowesha vitenge vya mtaji, nami siku ile nilikuwa nimekaa chini ya bati nikisoma nadharia za fasihi.

Nilipomaliza, nilimsomea hadithi niliyoiona bora kuliko zote, ya mwanamke muuza vitenge aliyenyeshewa, akafunga biashara yake huku akilia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Umekosea," akasema. "Huyo mama halii kwanza. Anahesabu kwanza. Anahesabu vilivyobaki, vilivyoharibika, na anachodaiwa. Akishajua, ndipo analia, tena akiwa kwake."

Nikaandika upya ukurasa ule. Mwaka uliofuata, kwa mshahara wangu ulioongezeka kidogo na zamu nyingine ya upatu, tulilipa kodi ya fremu ndogo ya ndani.

Kwa hiyo, kijana unayeniuliza, nakujibu hivi. Tafuta chuo kinachosoma lugha unayoiandika. Tafuta chuo kitakachokuruhusu kulipa kidogo kidogo bila kuacha kazi. Kabla ya kulipa, waulize waliotangulia kama kurasa zao zilirudishwa na alama za kalamu. Yote hayo nikiyapima, shahada yangu ilikuwa nzuri na ya bei nafuu. Ila unapokokotoa bei, hesabu pia ya mwenzako. Mimi nililipa kidogo kwa sababu kuna mtu alikaa juani akinilipia.