Hinxton: Kijiji Ambako Saratani Husomwa kwa Kompyuta

Ukipanda treni London, katika stesheni ya Liverpool Street, utasafiri kuelekea kaskazini kwa muda wa saa moja hivi na kushuka Whittlesford. Kutoka hapo si mbali hadi kijiji cha Hinxton, kusini ya mji wa Cambridge. Tulikuta mashamba, kanisa la kale lenye mnara uliochongoka, na mto Cam ukipita polepole. Mgeni hawezi kukisia kwamba mahali tulivu kama hapa panashughulikia ugonjwa unaozitia hofu familia nyingi za kwetu.

Tulikwenda kuiona Taasisi ya Wellcome Sanger. Ilifunguliwa mwaka 1993 na kupewa jina la Fred Sanger, mwanakemia Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobeli mara mbili, mwaka 1958 na 1980. Karibu theluthi moja ya jenomu ya kwanza ya binadamu ilisomwa hapa. Jenomu ni maandishi ya urithi yaliyomo katika chembe za miili yetu, yenye herufi zipatazo bilioni 3. Mwaka 1995 kituo hiki kilisaidia kuipata jeni ya BRCA2, ambayo ikiwa na kasoro humwongezea mwanamke hatari ya kupata saratani ya matiti.

Akina mama wengi tukisikia neno maabara huwaza chupa na darubini. Lakini hapa watafiti wengi wa saratani hukaa mbele ya kompyuta. Mgonjwa akikubali, huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe wake, na damu kidogo. Mashine husoma herufi za vyote viwili, kisha kompyuta huvilinganisha. Penye tofauti ndipo palipoharibika.

Je, kuona palipoharibika kunafaa nini? Mama anayehifadhi mahindi anaelewa. Akilitazama gunia hujua kama aliyeingia ni panya au fukusi, kwa maana kila mmoja huacha alama yake. Vivyo hivyo moshi wa tumbaku huacha alama yake katika chembe, na jua kali lake. Watafiti huzisoma alama hizo ili wamtambue mharibifu.

Ndiyo sababu waliigeukia saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu umeenea sana katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki, na mgonjwa hufika mahali asiweze kumeza hata uji. Katika mradi ulioongozwa na Profesa Michael Stratton, walisoma jenomu za wagonjwa 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Matokeo yalitolewa mwaka 2021.

Kulikuwa na matumaini kwamba mharibifu wa kwetu angeonekana. Tumbaku, pombe na kasumba zilionekana kuacha alama kiasi. Lakini kwa jumla alama za mgonjwa wa Kenya zilifanana na za mgonjwa wa Uingereza. Haikupatikana alama ya kueleza kwa nini ugonjwa umezidi kwetu.

Je, kazi ile ilikuwa bure? Hasha. Imewaonyesha watafiti kwamba huenda kinachotudhuru hakiandiki chochote katika jenomu, bali huiumiza ngozi laini ya umio mara kwa mara, mpaka chembe zilizokwisha kuharibika zipate nafasi ya kukua. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani ya umio. Nako Kilimanjaro, watafiti waliopima chai ya watu walikuta wengi huinywa ikiwa na joto kuliko hilo.

Kwa hiyo, mama msomaji, kompyuta za Hinxton zinaturudisha kwenye meko yetu. Mwache baba wa nyumba asubiri dakika chache chai ipoe, na watoto wazoee hivyo tangu wadogo. Tuepuke tumbaku na pombe. Na mtu wa nyumbani akianza kulalamika kwamba chakula kinakwama, tusimpe maji ya kusukumia na kunyamaza. Tumpeleke hospitali wiki hiyo hiyo.