Nilimwita binti yangu jikedume

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumtusi mtu kwa neno lililokuliza wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo? Mimi nimefanya hivyo, tena niliyemtusi ni binti yangu wa kumzaa. Neno lenyewe ni jikedume.

Nilizaliwa karibu na Khayega, hapa Kakamega, enzi ambazo miiko ya wasichana ilikuwa mingi kuliko nywele za kichwa. Msichana hakupiga mluzi. Hakupanda mti, sembuse paa la nyumba. Kuku alimpika lakini hakumla. Nyama hiyo ilikuwa ya wanaume, na firigisi ilikuwa ya mzee mwenye boma. Aliyeuliza sababu alijibiwa kwa kofi.

Siku moja upepo uling'oa bati la jikoni kwa nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu. Kaka zangu walikuwa wamekwenda kutazama mafahali wakipigana. Nami, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilichukua nyundo na misumari, nikapanda. Nilipigilia bati hadi likatulia. Nilipochungulia chini nikitarajia shukrani, nilimwona Kukhu amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jikedume wewe!" alilia kwa lugha yetu. "Nani atakuoa?"

Wazee waliamua kwamba lazima boma litakaswe. Kuku akachinjwa kwa ajili ya kosa langu, nami nikaambiwa nimpike. Wanaume walikula wakashiba, mimi sikuonja hata mchuzi. Lakini bati lile, msomaji, lilikaa pale pale miaka mingi, na hakuna mzee hata mmoja aliyedai ling'olewe!

Ajabu ni kwamba huku kwetu dume huheshimiwa sana. Fahali akimshinda mwenzake, hushangiliwa na kusindikizwa nyumbani kwa isukuti, ngoma yetu ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia zinazohitaji kulindwa haraka. Nguvu za fahali ni sifa. Nguvu hizo hizo zikionekana kwa msichana, zinageuka kuwa mkosi.

Usidhani ni sisi peke yetu. Katika miaka ya 1990 Waingereza walikuwa na neno lao, ladette, walilowaita wasichana waliokunywa bia, kupiga kelele na kutukana hadharani kama vijana wa kiume. Mwaka 2005 televisheni ya ITV ilianzisha kipindi kilichoitwa Ladette to Lady, ambamo wasichana wa aina hiyo walipelekwa kufunzwa upishi, kupanga maua na adabu za kibibi. Sijasikia wavulana walevi wakipelekwa kupanga maua.

Na hapa Kenya, nani amesahau yaliyompata Wangari Maathai? Mwaka 1989 alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kulikuwa na wabunge waliomkejeli, yeye na wenzake, kuwa ni wanawake walioachwa na waume. Jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, na nchi nzima ikamwita mama.

Hayo yote niliyajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na yakufikapo mlangoni ni kingine.

Binti yangu alipomaliza kidato cha nne hatukuwa na karo ya chuo. Hakulia. Alijifunza kuendesha pikipiki, akapata leseni, akaanza kubeba abiria kati ya Lurambi na mjini. Jumapili moja wanawake wa chama chetu walikuwa kwangu wakinywa chai. Mara akaingia na suruali ya jinzi, kofia ya pikipiki kwapani, akipiga mluzi. Mmoja wao akaniuliza, "Mama, huyu ni binti ama ni kijana?" Wote wakaangua kicheko.

Aibu ilinipanda kichwani. Nikafoka, "Jikedume wewe! Nani atakuoa?"

Maneno yale yale ya Kukhu, hata moja halikupungua. Mtoto hakunijibu. Aliweka mezani mfuko aliokuwa ameushika. Ndani mlikuwa na unga, sukari na dawa yangu ya presha. Kisha akatoka.

Alipanga chumba Amalemba, na kwa miezi miwili hakukanyaga kwangu. Kila Jumamosi simu yangu ililia: pesa zimeingia kwa M-Pesa. Neno la salamu hapana. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu! Pesa zile zilinichoma kuliko matusi.

Mwishowe nilimfuata kwenye kituo chao. Nilimpata ameketi juu ya pikipiki miongoni mwa vijana wa kiume. Nikamvuta kando, nikamsimulia habari za bati na yule kuku ambaye sikumwonja. Sikuwa nimemsimulia kamwe. Alinisikiliza kimya, kisha akaniuliza, "Mama, na ulipoitwa hivyo ulijisikiaje?" Nilishindwa kumjibu. Machozi yalijibu.

"Panda nikupeleke nyumbani," akasema. Nikataka kuketi upande, kama ilivyo desturi yetu wanawake. Akakataa. "Ukikaa hivyo utaanguka, Mama. Tanua miguu, unishike."

Basi nikajifunga leso vizuri, nikakaa kama wanaume wakaavyo, nikapita mbele ya wale wanawake wa chama. Wacheke wapendavyo!

Simaanishi, msomaji, kwamba mtoto wa kike asikanywe. Akilewa, nitamkanya. Akisema uongo ama akidharau watu, nitamkanya, na nitamkanya kaka yake kwa sauti ile ile. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 27, inasema wanawake na wanaume watendewe kwa usawa. Lakini Katiba haiingii sebuleni kwako kukuziba mdomo. Hiyo ni kazi yako mwenyewe.

Je, nyumbani kwako kuna msichana aliyekwisha kuitwa jina kama hilo? Nenda umtafute leo, kabla salamu zake hazijageuka kuwa pesa za simu tu.