Gia nzito haileti mwendo: safari ya mama mjamzito kwenye tope la Shinyanga

Ukiitaja Kambarage mjini Shinyanga, wengi hufikiria mpira, kwa sababu ya uwanja wa CCM Kambarage. Hapa mjini mvua ikinyesha, mtu huogopa zaidi kuloa. Lakini ukiiacha lami na kuingia vijijini, upande wa Iselamagazi, Solwa au Samuye, mvua hiyohiyo huamua nani atafika hospitali na saa ngapi.

Sababu ni udongo. Sehemu kubwa ya tambarare za Shinyanga ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaofaa pamba na majaruba ya mpunga. Kiangazi hukauka na kupasuka nyufa pana. Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, hunyonya maji, huvimba na kunata. Tope hujaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi jipya linakuwa kama kipara.

Ndiyo maana magari mengi ya wagonjwa huku ni Land Cruiser ngumu, za jamii ileile inayoonekana kwenye migodi ya dhahabu ya Kahama na Geita. Ndani ya gari hizo, kando ya gia ya kawaida, kuna fimbo fupi ya pili. Juu yake, kwenye nyingi, pameandikwa H2, H4, N na L4. Familia inayompeleka mama aliyeshikwa na uchungu ikiielewa fimbo hiyo, itaelewa pia kwa nini dereva anakwenda polepole.

H2 ni mwendo wa kawaida, magurudumu mawili ya nyuma yakisukuma. H4 huongeza ya mbele, yote manne yakafanya kazi kwa mwendo uleule. L4 ndiyo gia nzito. Hapo nguvu ya injini hupitishwa kwenye meno mengine: gurudumu dogo la meno huzungusha kubwa, hivyo dogo huzunguka mara kadhaa ndipo kubwa limalize mzunguko mmoja. Kwenye gari nyingi za aina hii hesabu ni karibu 2.5 kwa 1. Nguvu inayofika kwenye tairi huongezeka karibu mara mbili na nusu, na mwendo hupungua kwa kiasi hichohicho. Kwenye gia namba moja, gari huenda kama mtu anayetembea kwa miguu.

Msukuma anayelima kwa maksai anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Maksai hawakimbii, lakini jembe linapita.

Faida si ya kupanda tu. Gari likishuka kwenye korongo, gia nzito huifanya injini ilizuie, na dereva hahitaji kukanyaga breki kwa nguvu tairi zikateleza. Kwa mama aliyelazwa nyuma, mwendo huo hupunguza pia mishtuko ya mashimo. Muhimu alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, ili damu iendelee kumfikia mtoto vizuri.

Lakini fimbo hiyo ina mipaka. Kwanza, haiongezi mshiko wa tairi. Tairi likizunguka bure kwenye tope, nguvu zaidi hulichimbia shimo. Kelele za "kanyaga mafuta!" kutoka kwa ndugu walioko nyuma humdhuru mgonjwa wao. Pili, haizuii mafuriko. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuisukuma gari ndogo, na sentimita 60 yanaweza kuibeba hata gari kubwa. Dereva akisimama kando ya mto uliofurika akisubiri maji yapungue, au akitafuta njia nyingine, asiitwe mwoga. Tatu, gari nyingi za familia na za kukodi, kama IST, Probox na Noah, hazina fimbo hiyo kabisa.

Wataalamu wa afya ya uzazi huhesabu ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gia nzito inasaidia ule wa pili tu, nao haiufuti. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa 2. Gari linalotembea kama mtu wa miguu haliwezi kurudisha saa 3 zilizopotea nyumbani watu wakimsubiri baba mkwe arudi mnadani atoe ruhusa.

Kwa hiyo saa za ziada zinatafutwa nyumbani, kabla ya mvua. Mimba ikikaribia miezi 9, baba na mama waulize njia ipi hupitika mvua ikinyesha, na kama kituo kina nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua. Waweke akiba ya nauli na wakubaliane nani ataamua baba asipokuwepo.

Namba 115 ya mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenezwa nchini, hupigwa bila malipo. Mfumo huo hutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale gari hilo lisipopatikana, na gari la dereva huyo huenda halina gia nzito.

Ipigwe mapema. Damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu au mtoto kupunguza kucheza: hakuna hata moja kati ya hizo inayosubiri asubuhi, hasa usiku ambao mawingu yamefunga upande wa mbuga.