Hoe Gaat Het Met U?



Juma hili napenda tutafakari juu ya swali moja fupi la Kiholanzi. Baadhi yenu mmeniuliza ni maneno gani niliyofundishwa kwanza nilipotumwa kusaidia kazi za kichungaji kusini mwa Uholanzi, katika mkoa wa Noord-Brabant. Ni haya: "Hoe gaat het met u?" Wamisionari Waholanzi waliokuja kwetu nao walianzia kwenye salamu. Maaskofu wa kwanza wa Jimbo la Morogoro, Bernard Hilhorst na Herman van Elswijk, wote wa Shirika la Roho Mtakatifu, walikuwa Waholanzi. Hivyo nilipoketi darasani nilijiona kama mtu anayerudisha salamu ya zamani.

Tulitazame swali lenyewe. "Hoe" hutamkwa "hu", na maana yake ni "vipi". "Gaat" ni kitenzi cha kwenda. Herufi yake ya kwanza husikika kaskazini kama "kh" ya neno "kheri", lakini watu wa Brabant na Limburg huitamka kwa ulaini zaidi. "Het" hutamkwa upesi, nayo haimtaji mtu wala kitu. Ndiyo wanayoitumia hata wakisema kwamba mvua inanyesha. "Met u" ni "pamoja nawe", kwa heshima. Neno kwa neno, basi, wanauliza: mambo yanakwendaje pamoja nawe?

Mtoto au rafiki huambiwa "met je". Mzee na mgeni huambiwa "met u". Tena mwisho wa swali ni kama kiti kilicho wazi, unaweza kumketisha mwingine: "met uw moeder", yaani mama yako, "met uw been", yaani mguu wako unaouma. Jibu la kawaida ni "Goed, dank u. En met u?" Vizuri, asante, na wewe je? Lakini lipo jibu jingine ambalo wazee hulipenda: "Gaat wel." Yanakwenda tu. Anayejibu hivyo hajalalamika, wala hajasema kwamba ni mzima. Ameuacha mlango umerudishwa bila kufungwa.

Nilikuwa nikimpelekea Komunyo Takatifu mama mmoja mjane, aliyekwisha kutimiza miaka tisini. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nilimwuliza, naye akajibu, "Gaat wel," kisha akamimina kahawa. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba swali hilo linaweza kuongezwa neno moja, "echt", yaani "kweli". Ijumaa moja, baada ya sala, nilimwuliza mara ya pili: "Hoe gaat het echt met u?" Akaweka kikombe mezani, akanyamaza kitambo kirefu.

Kisha akanieleza jambo ambalo baadaye aliniruhusu kulisimulia bila kulitaja jina lake. Katika miaka ya 1950 alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Kwa kuwa hakubatizwa, kwa desturi ya wakati ule mtoto hakuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Alichukuliwa siku ile ile, akazikwa kandokando ya makaburi, karibu na ua wa miti, bila jina wala alama. Mama alikuwa bado kitandani. Aliambiwa asahau, apate mwingine. Alipata wengine watatu, wala hakusahau. Kwa zaidi ya miaka sitini kila aliyemwuliza hali alipewa jibu lile lile.

Nilimweleza kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na kuturuhusu kutumaini wokovu wao. Na kwamba Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati nzima juu ya tumaini hilo mwaka 2007. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza swali lake: je, anaweza kwenda kule kwenye ua wa miti? Tulikwenda na binti yake, tukamsukuma katika kiti cha magurudumu, nikabariki mahali pale. Alilitamka jina alilokuwa amempa mtoto wake. Binti yake alilisikia kwa mara ya kwanza.

Wapendwa, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, yumo mwanamke Mshunami aliyefiwa na mwanawe. Anapokaribia Mlima Karmeli, Nabii Elisha anamtuma mtumishi wake Gehazi akamwulize: hujambo wewe, mumeo, mtoto? Naye anajibu kwamba ni salama, ilhali mtoto amelala maiti nyumbani. Hakudanganya kwa hila. Alimpa mpita njia jibu la mpita njia. Alipomfikia Elisha aliishika miguu yake. Gehazi akataka kumwondoa, lakini nabii akamzuia, kwa sababu aliona kwamba roho yake ina uchungu. Swali lilikuwa lile lile. Aliyelibeba moyoni alikuwa mmoja tu.

Nasi Waswahili ni matajiri wa salamu kupita Waholanzi. Twauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na zote hujibiwa "nzuri" kabla hatujasimama sawasawa. Husemwa hata msibani: "Nzuri, ila tumefiwa." Hilo "ila" ndilo "gaat wel" yetu. Mwenye masikio na asimame hapo.

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo juma hili, naomba kila mmoja amchague mtu mmoja: mjane, mgonjwa, kijana aliyeacha kuja Misa, mama aliyepoteza ujauzito na kuambiwa anyamaze. Umsalimu kama kawaida. Akiisha kujibu "nzuri", keti. Mwulize tena, taratibu, kisha usiseme neno mpaka yeye aseme.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.