Siku 30 wodini, siku 30 gazetini

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akiwa na kilo moja na nusu. Kwa zaidi ya mwezi mmoja mama yake hakutoka hospitalini mjini Nakuru. Alimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, akamkamulia maziwa usiku na mchana, akihesabu kila gramu iliyoongezeka. Baba ya mtoto alikuwa amefariki miezi minne kabla.

Siku hizo hizo, hesabu nyingine ilikuwa ikiendelea bila yeye kujua. Shemeji yake alikuwa ameomba korti imteue msimamizi wa mali ya marehemu, likiwemo shamba la ekari mbili Nyandarua. Ombi likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali: mwenye pingamizi alilete ndani ya siku 30. Hakuna aliyepinga.

Mtoto alikuwa na miezi mitano jirani alipopiga simu.

"Mama, kuna watu wanapima shamba lenu. Mmeuza?"

Kortini, karani alimwonyesha faili. Barua ya chifu, ambayo huorodhesha walioachwa na marehemu, haikuwa na jina lake wala la mtoto hata mmoja kati ya watatu. Aliisoma mara mbili, polepole, akidhani ameruka mstari.

Tangazo kama hilo lina nia njema. Korti haiwezi kuwafahamu jamaa wote wa marehemu, hivyo humwita yeyote mwenye haki ajitokeze. Lakini mama anayelala kwenye kiti kando ya mtoto mchanga hasomi Gazeti Rasmi.

Bahati ni kwamba siku 30 si mwisho wa njia. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinaruhusu korti kufuta hati ya usimamizi wakati wowote ikiwa ilipatikana kwa kuficha ukweli. Vilevile, msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi kabla hati hiyo kuthibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho hungoja miezi sita. Hata hivyo, kukawia ni hatari: ardhi ikishauzwa, sheria inaweza kumlinda mnunuzi hata kama hati itafutwa baadaye.

Ndiyo maana familia inapofiwa, inafaa mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia Gazeti Rasmi. Hutoka kila wiki, kwa kawaida Ijumaa, na Kenya Law huliweka mtandaoni bila malipo. Hata simu inatosha. Inafaa pia kumwendea chifu mapema, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote mkononi.

Mtoto sasa anatambaa. Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Vyeti vya watoto watatu viko kwenye bahasha moja na kijitabu cha kliniki, na bahasha haitoki kwenye mkoba wa mama.