Ayah ukutani, asumini kwenye biskuti

Kila tukija Unguja tunaulizwa kama ni kweli zile biskuti nyeupe zenye maua ya hina tunazioka Karagwe, tena kwa jiko la mkaa. Ni kweli. Sisi ni mawifi wawili, mafundi cherehani wa Kayanga. (Na mnaouliza kama huku kuna Waislamu: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, hapa hapa Karagwe, kabla Mjerumani hajafika.)

Biskuti yenyewe haina siri. Unga wa ngano gramu 400, siagi 225, sukari 200, yai moja, chumvi kidogo na vanila. Vanila inalimwa Kagera, basi tunakwangua mbegu za maganda yenyewe, na lile suala la spiriti kwenye vanila ya chupa halitugusi. Beking pauda hatutii hata chembe, maana tunataka ukingo ubaki kama ulivyokatwa. Sukuma, kata, weka mahali pa baridi nusu saa, oka mpaka kingo zianze tu kubadilika rangi. Kisha iache ipoe kabisa. Ukipamba biskuti yenye joto, aisingi inayeyuka yote.

Kazi iko kwenye aisingi. Sukari ya Kagera, inayotoka jirani zetu Misenyi, ukiisaga kwenye blenda na kijiko cha wanga wa mahindi na kuichekecha kwa kitambaa cha neti, inatoa aisingi tamu lakini rangi yake ni ya maziwa ya mgando. Kwa biskuti za watoto inatosha. Kwa bibi harusi tunanunua aisingi shuga ya dukani, gramu 500, tunaipiga na ute wa mayai 2 au 3 na kijiko cha maji ya limao mpaka isimame. Ute huo ni mbichi, kwa hiyo wajawazito na watoto wadogo tunawatengenezea zao kwa sukari na maji tu.

Hapo igawe mara mbili. Ya kwanza ibaki nzito, ya kuchorea mpaka. Ya pili iongeze maji tone kwa tone. Pitisha kisu juu yake, uhesabu. Mfereji ukijifunga kati ya kumi na kumi na tano, iko sawa. Ukijifunga kabla, itamwagika nje ya mpaka. Koni tunaikunja kwa nailoni ngumu na kuikata ncha ndogo mno, maana unaweza kuikata tena lakini huwezi kuirudisha. Chora mpaka kwanza, ndipo ujaze kati. Mapovu tunayatoboa kwa pini ambayo haijawahi kugusa nguo.

Maua ya hina yanasubiri chini iwe kavu, na hapa ndipo Karagwe inapotutesa. Tuko juu zaidi ya mita 1,500, na Idi el-Fitri ya 2024 na ya 2025 zote zilituangukia kwenye mvua za masika. Saa kumi na mbili za kukauka zinakuwa siku nzima na usiku wake. Ukiwahi na rangi ya kahawia juu ya nyeupe iliyo mbichi, inatambaa kama wino kwenye pamba. Tunazipanga karibu na jiko lililobaki na joto, mbali na mvuke wa sufuria, wala hatuzifuniki mpaka zikauke.

Sasa lile lililotukosesha usingizi. Harusi ilikuwa Nkwenda, Kyerwa, biskuti 200, fedha ambayo tulishaihesabia ada ya shule. Mama wa bwana harusi akataka kila biskuti iandikwe Bismillahi, na zile kubwa ziandikwe maneno ya ayah ya 21 ya Suratul Rum. Tukamwambia kwa heshima kwamba maua tutachora yoyote, lakini hayo hatutaandika.

"Wanangu," akasema, "bibi yangu aliandikiwa kombe kwa zafarani, akanywa. Kuna ubaya gani kuila Bismillahi?"

Hoja nzito hiyo, na sisi kombe tumelikuta kwa wazee wetu. Lakini kombe hunywewa na mtu mmoja, kwa nia, mpaka tone la mwisho. Biskuti ya harusi hupewa mtoto, akaiuma nusu, nusu ikaanguka chini ya jamvi. Kesho mfagio unapita, na unajua taka zinakwenda wapi. Ustadhi wa madrasa yetu tulipomuuliza alisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba hata jina la bwana harusi tuliache, kwa sababu ndani yake mna jina la Mola. Mama akakata simu. Siku tatu kimya. Wifi akawa anapiga hesabu za ada upya.

Siku ya nne alipiga bibi harusi mwenyewe. "Dada zangu, ayah hiyo naitaka ukutani nyuma yetu. Kwenye biskuti nichoreeni asumini." Tukaidarizi kwa uzi wa dhahabu juu ya satini nyeupe. Kwenye biskuti tukachora asumini, hina, na hamsini tukazikata umbo la buni zenye aisingi ya kahawia, kwa ajili ya ile kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni huku kwetu. Hizo ndizo zilizokwisha mwanzo.

Mama mkwe alikaa mbele ya kile kitambaa jioni nzima. Alipoondoka akatuuliza bei ya kingine cha sebuleni kwake. Tukamtajia, akasema ni ghali, akalipa nusu.