Ogopa Ndoo Iliyojaa

Ukiolewa na mtu, umeolewa na ukoo wake. Hilo kina bibi walitufundisha wote. Ambacho mimi sikuambiwa ni kwamba unaweza ukaolewa na farasi wa mama mkwe vilevile!

Jamani, msicheke. Mimi ni mtoto wa Dodoma, mume wangu ni Mmarekani wa Minnesota, na mama yake ana farasi jike anayeitwa Daisy. Ana miaka 24, kizee kabisa kwa farasi. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alinipikia, akaninunulia koti zito, akanisalimia vizuri kila siku. Lakini kwake nilikuwa mgeni, na mgeni hapewi kazi ya maana. Mpaka Januari moja alipotakiwa kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Mwanawe ni dereva wa lori, siku nne za wiki yuko barabarani. Nani abaki na Daisy? Ni mimi tu.

Kabla hajaondoka alinikalisha mezani akaniambia, "Usiogope baridi. Ogopa ndoo iliyojaa."

Sisi watu wa Dodoma tunaijua kiu ya jua. Kiangazi vijijini watu wanafukua mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yachuruzike, na punda anasubiri pembeni huku ulimi umekauka. Kiu ya namna hiyo inaonekana kwa macho. Sasa Minnesota, nyuzi 25 chini ya sifuri, nani ana kiu?

Kumbe hatari iko hapo hapo. Farasi wa kilo 500 hunywa kama lita 20 hadi 40 kwa siku, na baridi haimwondolei hitaji hilo. Majira ya joto anakula majani mabichi, ambayo zaidi ya nusu yake ni maji. Baridi ikiingia anapewa nyasi kavu, tena nyingi, kwa sababu zikichachuka tumboni ndizo zinazompa joto. Yaani chakula kikavu kinaongezeka wakati uleule hamu ya kunywa inapungua. Mwisho wake chakula kinashikamana kwenye utumbo kama zege. Maumivu hayo ya tumbo wenyewe wanayaita koliki, na yanaua.

Nilimpigia simu mama yangu mzazi kumweleza kazi yangu mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi ni kweli unachemshia farasi maji?"

"Siyo kuchemsha mama, nayaondoa ubaridi tu."

"Si ale theluji, imejaa nje?"

Nikamweleza kwamba theluji laini ndoo kumi ikiyeyuka unapata kama ndoo moja tu ya maji, na mnyama anatumia joto lake mwenyewe kuiyeyusha.

"Mmh! Na mumeo je, naye unampashia?"

Tulicheka sana. Lakini kazi yenyewe haikuwa mzaha. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba farasi wadogo, wale poni, wakipewa maji ya vuguvugu peke yake wakati wa baridi, wanakunywa takriban asilimia 40 zaidi kuliko wakipewa yanayokaribia kuganda. Kichekesho ni kwamba ukiwawekea ndoo zote mbili wanakimbilia ya baridi, halafu wanakunywa kidogo! Kwa hiyo Daisy alipata ya vuguvugu tu. Chakula chake cha jioni nilikiloweka kikawa kama uji, nikatia na chumvi kidogo ili kiu imwamshe. Ndani ya ndoo nilichora alama, na kila asubuhi na jioni niliandika kwenye daftari maji yameshuka kiasi gani.

Siku ya kumi na moja ndoo haikushuka. Tangu alfajiri yalikuwa yamepungua vidole viwili tu. Hayakuwa yameganda, maana ndoo ile ni ya umeme, ina hita chini yake. Nilitia mkono, vuguvugu safi kabisa. Daisy akasogeza midomo, akagusa, akarudisha kichwa ghafla kama aliyechapwa. Kinyesi chake kilikuwa kidogo, kikavu, kigumu. Jioni akaanza kuparua sakafu na kugeuka kutazama ubavu wake.

Nikampigia daktari wa mifugo, halafu mama mkwe kule hospitali. Hakuniuliza nimefanya nini. Alisema, "Chomoa waya. Mpe kwa ndoo ya kawaida." Daisy akanywa, lakini tumbo lilikuwa limeshafunga. Daktari alimchoma sindano ya maumivu, akampitishia mpira puani mpaka tumboni, akammiminia maji kwa pampu. Kisha akapima ile ndoo. Umeme ulikuwa unavuja! Mimi nilikuwa nimevaa buti za mpira, ningejuaje? Yeye alisimama na kwato zake kwenye sakafu yenye unyevu. Kila alipotaka kunywa, maji yalimuuma.

Alfajiri Daisy alitoa kinyesi, na mimi nikalia machozi ya furaha kwa ajili ya mavi. Mapenzi haya, acheni tu!

Mama mkwe aliporudi na magongo yake aliomba daftari kabla hata ya chai. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, kimya. Kesho yake nilikuta mwandiko wake chini ya wangu: "Asubuhi, lita 17." Hakuniambia asante, na sikuidai. Tangu hapo daftari lile ni letu wawili.

Nimejifunza kwamba kuweka maji na maji kunywewa ni mambo mawili tofauti. Ndani ya nyumba zetu pia tunajaza ndoo: hela ya matumizi imetoka, chakula kiko mezani, simu imepigwa. Mwenzio hajagusa, na wewe unasema si nimempa kila kitu? Labda kuna kitu kinamuuma kila akisogea, na wewe hukisikii kwa sababu umevaa buti.

Na kama uko majuu na umeachiwa farasi, usisubiri alalamike. Mfinye ngozi ya shingo au bega. Ikichelewa kurudi, ana upungufu wa maji. Gusa fizi zake, zinatakiwa kuwa na ute. Tazama kinyesi. Halafu tazama ndoo. Ikiwa imejaa vilevile ulivyoiacha, usishukuru. Uliza kwa nini.